Ubeti wa Nne wa Mama

Jumatano mama yangu anafanyiwa upasuaji Mwanza. Daktari ametuchorea kwenye karatasi uvimbe uko wapi, na ametuambia wagonjwa wengi wa namna hii hurudi nyumbani wakapalilia migomba yao. Nimemwelewa vizuri. Nilisoma takwimu chuo kikuu, najua neno "wengi" lina maana gani na halina maana gani. Lakini kinachoninyima usingizi tangu mwezi uliopita si kisu cha daktari. Ninaogopa wimbo. Naona aibu kuliandika hilo, ila ndiyo kweli yenyewe, na siwezi kuieleza bila kumweleza Mchungaji.

Hapa kijijini kwetu Nshamba Mchungaji mstaafu anaitwa Mchungaji tu, hata na sisi Wakatoliki ambao hakutuchunga siku hata moja. Kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na chetu vinatenganishwa na kibanja kimoja. Ni mtu mfupi, mwenye masikio makubwa yaliyosimama kama ya mtu anayeitwa kutoka mbali. Nje ya nyumba huvaa mabuti ya mpira na kola nyeupe ya uchungaji, vyote kwa pamoja, na kwenye tundu la kifungo cha koti amefunga penseli kwa uzi. Watoto wa shule wakimwona ameishika ile penseli hunyamaza. Watu wazima hubadilisha njia. Nimewahi kumwona mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani akikatisha kwenye matope, akalowa hadi magotini, ili asikutane na mzee anayeandika huku anatembea.

Kazi yake ni nyimbo. Ameandika nyimbo za kanisa kwa zaidi ya miaka arobaini, kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Hutumia zile noti za herufi, do re mi, anazopanga kwa mistari minne, sauti ya kwanza hadi ya nne, nyuma ya karatasi za kalenda za zamani. Kinanda hakitaki. Anasema kinanda humsaidia mtu kusema uongo. Akitaka kupata sauti ya kuanzia hugonga kikombe cha bati kwa kijiko, husikiliza, halafu huimba "do" kwa sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Kile kikombe kimebonyea sehemu nyingi, kwa hiyo nyimbo zake za miaka ya karibuni ziko chini kidogo kuliko za zamani. Nilipomweleza sababu alicheka sana. "Hata mimi nimebonyea," alisema.

Namna yake ya kupima ubeti sijaiona kwa mtu mwingine. Huenda mahali wanawake wanapomenya ndizi, hukaa pembeni bila kusalimia sana, na huimba ule ubeti mpya polepole, kama mtu anayejisahau. Haangalii nyuso. Anaangalia visu. Kisu kikiendelea, karatasi inakwenda jikoni kuwashia moto. Kisu kikisimama katikati ya ndizi, ubeti umepita.

Kisu alichokiamini kuliko vyote ni cha mama yangu. Mama hakuwa na huruma. Nilikua nikimsikia yule mzee akiimba nyuma ya jiko letu, na mama akimenya tu, krr, krr, mpaka mzee anakunja karatasi yake.

"Mchungaji waitu," mama alimwambia siku moja, kwa lile neno letu la heshima, "huu wimbo una maneno mengi kama mtu anayedaiwa sababu."

"Nipunguze wapi, Mae?" aliuliza mzee, kwa jina tunalowaitia akina mama.

"Pale unapomweleza Mungu mambo anayoyajua."

Alipunguza. Wimbo ule sasa unaimbwa mpaka visiwani, katikati ya ziwa.

Visiwani penyewe hajawahi kufika. Hapa ndipo mtu anapoanza kumshangaa. Nyimbo zake hazina woga hata chembe. Ndani yake watu wanavuka mito wakiimba, wanalitazama kaburi kama mlango wa nyumba ya mjomba. Mwenyewe anaogopa kila kitu. Anaogopa ziwa. Wavuvi wa kule visiwani walimwomba awabarikie mitumbwi, wakamletea boti yenye injini na jaketi la kuokolea maisha. Aliwatungia wimbo mzuri, akautia kwenye bahasha, akaikabidhi kwa mchuuzi wa dagaa, akarudi nyumbani. Anaogopa radi, na mtu anayeogopa radi huku kwetu hana raha miezi mingi ya mwaka. Anaogopa hospitali: huwaombea wagonjwa akiwa getini, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri gari.

Siku ya lile tetemeko la Bukoba kwaya ilikuwa kwenye mazoezi. Walikuwa wakiimba wimbo wake unaosema msingi wangu hautikisiki. Ardhi ilipoanza kucheza, wa kwanza kufika nje alikuwa mtunzi. Waimbaji walimkuta ameukumbatia mnazi wa mapambo wa kanisa, macho ameyafumba. Jumapili iliyofuata, nami nikiwa nimeingia kanisani kwao kusikiliza kwaya, alipanda mimbarini na kulisimulia jambo lile mwenyewe, asibakize kitu. "Wimbo ulikuwa wa kweli," aliwaambia. "Mtunzi ndiye aliyekuwa wa uongo."

Nilimpenda kwa sababu ya ile Jumapili. Nilikuwa mtoto wa sekondari, nimeshaanza kuuliza maswali yaliyomchosha paroko, na huyu alikuwa mzee wa kwanza wa dini niliyemsikia akikiri hadharani kuwa aliogopa. Nikaanza kwenda kwake. Tulibishana kuhusu kila kitu, yeye akitafuna akamwani, zile punje za kahawa zilizokaushwa ambazo huku kwetu hupewa mgeni, na kunitemea maganda karibu na miguu nilipomshinda hoja. Aliniita Msomi. Nilipofika chuo jina lilibaki lile lile, ila alianza kulitamka kwa heshima kidogo, jambo ambalo sikulipenda.

Alinionyesha kitabu chake siku moja ya mvua. Kilikuwa cha Kiingereza, kimeachwa na mmisionari wa zamani, kurasa za mwanzo zimechanika, kwa hiyo hakujua kilihusu nani. Kilikuwa maisha ya mchungaji wa kijijini huko Uingereza, enzi za Malkia Victoria, mtu wa ndevu za pembeni, aliyekaa miaka yote kwenye nyumba yenye baridi akitunga nyimbo. Mchungaji alimwita "mzee wangu". Mzee wangu alikuwa na kikohozi. Mzee wangu hakuelewana na askofu wake. Kutoka kwake ndiko alikojifunza kwamba wimbo una beti nne: wa kwanza umsifu Mungu, wa pili uungame, wa tatu uombe msaada, na wa nne ufike kaburini.

"Lazima ufike?" niliuliza.

"Kwao wimbo usiofika kaburini haujafika popote."

Halafu akafungua ukurasa ambao ulikuwa mweusi kwa kushikwa. Pale iliandikwa kwamba yule mchungaji alikuwa na binti mgonjwa, akamtungia wimbo pembeni ya kitanda chake. Alipomaliza ubeti wa nne akauinamia uso wa mtoto ili amwimbie, akakuta hapumui.

"Watoto wengi walikufa wakati ule," nilisema. "Hawakuwa na dawa. Angetunga wimbo, asingetunga, ingekuwa vile vile."

"Ndivyo inavyoelekea," alisema, na akakifunga kitabu kwa mikono miwili.

Hakuniambia siku ile kwamba na yeye ana orodha yake. Niliisikia kwa mama. Alipokuwa kijana Mchungaji alikuwa akiwatungia watu nyimbo zao wakiwa hai. Mtu akistaafu, akitimiza miaka kadhaa ya ndoa, akipona ugonjwa, aliandikiwa wimbo wa beti nne wenye maisha yake ndani. Ilikuwa heshima kubwa. Kisha akamwandikia mwalimu mkuu wake wa zamani, na mwalimu akafariki kabla kwaya haijaujua wimbo vizuri. Akamwandikia mwimbishaji wa kwaya, mwanamke mwenye afya ya kubeba magunia, akaanguka shambani. Akamwandikia mkewe. Mama anasema yule mke aliuimba siku nzima akipika, ubeti wa nne mara nyingi kuliko nyingine kwa sababu ndio uliokuwa na sauti tamu. Hazikupita Jumapili mbili.

Tangu msiba ule Mchungaji alibadilisha utaratibu, na watu wa huku wakaushika kama vile uliletwa na mababu. Mtu aliye hai anaandikiwa beti tatu. Ukurasa unaachwa wazi chini. Akishafariki na kuzikwa kibanjani kwake, ndugu wanakwenda kwa Mchungaji kuomba ubeti wa nne, na unaimbwa kwa mara ya kwanza siku ya kumaliza matanga. Nimehudhuria. Kwaya inafika mwisho wa ubeti wa tatu, inanyamaza, na watu wote wanashika vichwa kwa sababu wanajua kinachofuata hakijawahi kusikika na mtu yeyote, na mwenye wimbo hatausikia.

Nikiwa likizo mwaka wa pili wa chuo niliamua kuimaliza hadithi hii. Nilimwomba karatasi zake zote za zamani, nikakaa barazani kwake siku tatu nikiorodhesha kila mtu aliyeandikiwa beti nne akiwa hai. Siku ya tatu nilimletea orodha nikiwa na furaha ya kijinga.

"Waliokufa upesi ni watatu tu, Mchungaji. Wengine wote waliishi miaka na miaka, na wengi bado wapo. Yule fundi cherehani wa Kagoma ulimwandikia beti nne, na juzi ameoa tena."

"Yule anaoa kila mvua ikinyesha."

"Jibu hoja, waitu."

Alivaa miwani. Aliisoma orodha yote, jina kwa jina, midomo ikicheza. Halafu akaweka kidole juu ya jina la mwalimu wake, akakishusha hadi kwa mwimbishaji, akakishusha hadi kwa mkewe, na kidole kikatulia pale.

"Hawa watatu niliwapenda," alisema. "Fundi wa Kagoma nilimwandikia kwa sababu alinishonea joho."

Nilijibu kitu. Nadhani nilisema kwamba upendo haupimiki, kwa hiyo hauwezi kuingia kwenye hesabu. Nilikunja karatasi yangu nikarudi nyumbani, na njiani, mchana kweupe, katikati ya migomba ninayoijua tangu nizaliwe, nilianza kutembea haraka. Tangu mke wa Mchungaji afariki mama ndiye aliyempelekea chakula kila Alhamisi. Alikuwa akimwita mama "binti yangu Mkatoliki". Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara elfu bila kuyafikiria.

Mama alipata majibu ya kipimo mwezi uliopita. Nilitoka Buhembe, ninakopanga chumba karibu na kazi yangu ya mjini Bukoba, nikarudi kumhudumia. Hakulia. Aliuliza ndizi za kupika zitaangaliwa na nani, kisha akaenda kwa Mchungaji kuomba wimbo wake. Wiki ile ile beti tatu zilikuwa tayari. Ubeti wa kwanza unasema:

*Asubuhi ya mgomba,*
*umande ukiwa bado,*
*uliniita kwa jina,*
*nikaitika kwa woga.*

Mchungaji alikuja kuujaribu nyuma ya jiko. Mama alikuwa akimenya. Kisu kilisimama kwenye mstari wa nne na hakikuendelea tena siku ile. Nilimalizia ndizi mimi.

"Na wa nne?" mama aliuliza.

"Unajua utaratibu, Mae."

"Utaratibu umeuweka wewe. Mimi nimekupimia nyimbo zako miaka yote hii. Watu wameimbiwa beti nilizozipitisha kwa mkono wangu. Huu wangu nani ataupima nikiwa chini ya migomba?"

"Mae..."

"Nataka kuusikia wote nikiwa na masikio. Paroko akijua ninaimbiwa na Mlutheri atanung'unika, lakini paroko haendi Mwanza. Ninayekwenda ni mimi."

Mchungaji alisema atafikiri. Alipoondoka alisahau mwavuli.

Siku mbili baadaye mama alinituma. "Wewe unaongea naye vizuri," alisema. "Na wewe huamini haya mambo. Mwambie aandike. Msomi wangu, mshinde kwa hoja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyoisomea maisha yangu yote. Hoja nilikuwa nazo, na orodha ninayo bado. Nilifika kwa Mchungaji nikamkuta ameketi na karatasi ya kalenda iliyo wazi chini, penseli imelala pembeni. Aliponitazama niliona kwamba anangoja nimlazimishe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama amesema beti tatu zinamtosha. Usijisumbue."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Nyumbani nilimwambia mama kwamba Mchungaji anaumwa macho, haandiki. Alhamisi iliyopita mama alimpelekea chakula kama kawaida, kwa mkono wa binti wa jirani kwa sababu tumbo lilikuwa linamuuma, pamoja na karoti nyingi kwa ajili ya yale macho. Nilimwona akizichagua, kubwa kubwa.

Nimejaribu kujitetea mbele yangu mwenyewe. Nimejiambia kwamba mgonjwa anayejiimbia mazishi atakata tamaa, na kukata tamaa kunajulikana kitabibu. Inasikika vizuri. Lakini nilipodanganya sikuwa nikifikiria tabibu yeyote. Nilikuwa nakiona kile kidole kikishuka kwenye karatasi yangu, jina kwa jina, na chini ya jina la mkewe kulikuwa na nafasi.

Usiku niliufahamu uongo wangu, mchana niliulinda. Wiki tatu nimeishi hivyo. Mama akikohoa ninaamka. Akiimba ninaamka zaidi. Maana amekuwa akiimba zile beti tatu jikoni, na kila akifika mwisho wa wa tatu ananyamaza kidogo, kama mtu aliyefika kwenye ngazi gizani akitafuta kidato kwa mguu.

Jana asubuhi nilikuwa barazani nikipanga begi la safari: kanga, sufuria ndogo, karatasi za hospitali kwenye bahasha ya kaki. Kesho alfajiri tunapanda basi. Nikasikia majani makavu ya mgomba yakikanyagwa, nikainua kichwa, na Mchungaji alikuwa anakuja kwa njia ya kibanjani. Amezeeka ghafla mwaka huu. Hutembea akishika mgomba mmoja baada ya mwingine, kama anawasalimia. Alikuwa amevaa koti la ibada juu ya mabuti. Nilishuka haraka nikamkuta kabla hajafika uani.

"Mama yako yupo?"

"Amelala, waitu. Hajisikii vizuri."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya mama: "Toka! Toka hapa, mwizi mkubwa wewe! Unga wangu!"

Mchungaji alitega sikio. "Anaota kuku?"

Alitafuta gogo akaketi, akapumua kwa muda. Aliikalia mikono yake.

"Binti anayeleta chakula ameniuliza kama macho yangu yamepona," alisema. "Nikamwambia macho yangu ni mazima. Akasema basi mbona mama analalamika kwamba sikutaka kumwandikia."

"Nilidanganya," nilisema.

"Ulinidanganya mimi na yeye."

"Wote wawili."

"Asante," alisema.

Nilidhani ananikejeli. Nilipomtazama niliona hapana.

"Ulinipa wiki tatu, Msomi. Nilijua unadanganya. Mama yako hajawahi kutosheka na beti tatu za mtu yeyote. Nilijua, na nikakubali, nikalala vizuri." Alitoa mkono mmoja chini ya paja, akagusa mfuko wa koti, akaurudisha. "Juzi nikaona karoti."

"Umeuandika?"

"Upo hapa. Tangu nyumbani nimekuwa nikiomba nikukute wewe kwanza. Unirudishe. Una maneno mazuri, ungeweza kunirudisha."

Kweli ningeweza. Ningesema amechoka, ana safari, aje atakaporudi. Asingebisha. Tungeachana pale kwenye migomba, kila mtu akiwa na shukrani, na mama angepanda basi na wimbo usio na mwisho, na kosa lisingekuwa la mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Nani huyo unaongea naye?" mama aliita kutoka jikoni.

Mchungaji alikuwa ananitazama, masikio yake makubwa yamesimama, na nikaelewa kwamba akiulizwa mara mia hatajibu, kwamba ameuleta mwili wake mpaka hapa na uwezo wake umeishia kwenye lile gogo. Nilijaribu kukumbuka orodha yangu, wale wote walioishi, fundi wa Kagoma na wake zake. Hakuna jina hata moja lililokuja.

"Wee! Nauliza ni nani?"

"Ni Mchungaji, mama," nilisema. "Ameleta ubeti wako."

Nikasikia kisu kikiwekwa juu ya sahani.

"Basi mbona mmesimama huko kama wadeni? Aingie. Na wewe uingie, mwanangu, sauti ya kwanza na ya pili siziwezi kwa wakati mmoja."

Nilimshika mkono akainuka. Tulitembea mpaka mlango wa jikoni, ambao ni mwembamba na hupitisha mtu mmoja. Nilisogea pembeni ili apite. Naye akasogea pembeni ili nipite.